Mgongo wa Daktari Yassine

Desemba 14

Leo mvua imenyesha ya kweli, si ile ya kutania. Barabara ya Palma imeanza kulika pembeni, na dereva wa gari la wagonjwa ameapa harudi huku mpaka ardhi ikauke. "Tutaonana Aprili, enfermeira," akaniambia mimi nesi huku anacheka. Mimi sikucheka. Mimba yangu imeingia mwezi wa sita, mkunga wa kituo hiki ni mimi peke yangu, na mume wangu Muhamudo yuko ng'ambo ya Ruvuma na marobota yake ya vitenge.

Naandika humu kwa Kiswahili kwa sababu Kireno nakiandika kutwa kwenye karatasi za kazi, na Kireno changu hakijui kugombana. Nililelewa Mtwara kwa shangazi, na kule mtu akiudhiwa husema. Hapa nakaa na mama mkwe, kwa hiyo nisipoandika nitapasuka.

Desemba 23

Doutora Célia ametuaga leo. Anakwenda Maputo kusoma. Alikuwa daktari wetu, ingawa hajawahi kukanyaga hapa: tuna tableti iliyofungwa kwenye nguzo karibu na kitanda cha kuzalia, na dishi juu ya paa, na ukibonyeza unaongea na daktari aliye Pemba, hii yetu ya Msumbiji. Upasuaji hatuna, damu ya kuongeza hatuna, tuna hiyo. Akina mama walimzoea Célia mpaka wakawa wanamuuliza habari za watoto wake.

Atakayekaa kwenye kiti chake ni Daktari Yassine, kijana wa Mocímboa. Anajua Kiswahili, ni mpole. Lakini ni mwanamume, na mimi nimeshaona mbele kuna nini.

Januari 3

Nilichokiona mbele kimefika.

Mama mkwe wangu, Bi Alima, ni kungwi. Nusu ya wanawake wanaozaa hapa ni wasichana aliowatia unyagoni yeye mwenyewe, na wakishikwa na uchungu hawaji bila yeye. Anasimama kichwani, anawashika mabega, anawakaripia na kuwabembeleza. Sisemi uongo, anafanya kazi kuliko sindano zangu nyingine.

Leo mchana mama mmoja alichelewa kufungua njia, nikabonyeza tableti. Uso ukatokea, una ndevu. "Salaam aleikum, mama zangu." Chumba kizima kilitafuta khanga. Bi Alima akaenda kusimama mbele ya kioo, mikono kiunoni.

"Huyu nani?"

"Daktari, mama. Badala ya Doutora Célia."

"Mwanamume."

"Lakini yuko Pemba. Hayumo humu."

"Macho yake yako wapi?"

Nikaigeukia tableti.

"Macho yake yamo humu," akasema. "Basi naye yumo. Mtoe."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo wangu wa Kimtwara. Daktari akaniwahi. "Mama, una haki. Hata mama yangu angenitoa. Mimi nitageuka, nisikilize tu, na Nazira atakuwa macho yangu." Akazungusha kiti. Tukabaki tunautazama mgongo wa koti jeupe na ukuta wa Pemba.

Bi Alima akautazama ule mgongo, akaridhika. "Huyo kalelewa," akasema. Mtoto akazaliwa salama kabla ya alasiri, na Rosita, mfanyakazi wetu wa usafi, akacheka mpaka akakaa chini. Kwao Mueda, anasema, hajapata kuona daktari anayeadhibiwa kama mtoto wa shule.

Januari 4

Mvua.

Januari 12

Tumezoea. Mwanamke akiingia, Bi Alima anapiga hodi kwenye tableti, "Baba, tumefika," na Yassine anageuza kiti bila kuambiwa. Mimi nasema ninachokiona: rangi, damu, kichwa kiko wapi, pumzi zikoje. Yeye anauliza, mimi najibu, yeye anaamua.

Nakiri kwamba napenda. Nimekuwa nikichagua maneno vizuri, na juzi alisema, "Nazira, ukiongea naona." Nilitembea na sentensi hiyo siku nzima. Na wanawake wanakuja, hata wale wa vijiji vya ndani waliokuwa wakizalia nyumbani, kwa sababu habari zimefika kwamba daktari wetu anatoa mgongo.

Januari 20

Daraja limekwenda na maji. Muhamudo amepiga simu kutoka Mtwara: Ruvuma imefurika, kivukoni Namoto hakuna mtumbwi unaothubutu kuvuka. Baharini nako wanajeshi wamekataza vyombo tangu waasi waliposhambulia karibuni. Nimemwambia akae huko, asijitie ushujaa. Nilipokata simu nililia kidogo, kisha nikala ugali wa muhogo peke yangu jikoni.

Januari 28

Miguu imevimba. Nilijipima presha, nikajipima tena kwa sababu sikuipenda. Nikamwambia Yassine kama ninavyosema habari za mgonjwa mwingine yeyote, "mama wa miezi saba, mimba ya tatu, hana mtoto aliye hai." Akasema, "Huyo mama aje Pemba wiki hii, Nazira."

Apitie wapi? Aote mbawa?

Februari 3

Mvua. Paa la stoo limeanza kuvuja juu ya maboksi ya glavu. Tumeyahamisha, na huko tulikoyahamishia kunavuja pia.

Februari 9

Naandika polepole.

Rachida alikuja asubuhi. Ni mke wa fundi cherehani, mdogo, mchekeshaji, mwali wa mwisho wa Bi Alima kabla vita havijafika. Uchungu ulikwenda vizuri mpaka mchana, kisha ukasimama. Wingu lilikuwa zito hata chumba kikawa giza, na betri ya sola haikupata jua tangu juzi, kwa hiyo tukazima taa ili tableti isife. Rosita alishika tochi. Yassine alikuwa ameketi, mgongo kwetu, akiniongoza.

Mtoto alitoka mlegevu, wa kike. Halii. Nikamkausha, nikamsugua mgongo, kimya. Nikamweka mezani, nikachukua ambu, ule mfuko wa kumpulizia mtoto hewa, nikaanza kubinya. Tumbo langu mwenyewe lilinizuia kuikaribia meza. Jasho liliniingia machoni.

"Kifua kinapanda?" akauliza Yassine.

Nikatazama. Kitu kilikuwa kinapanda na kushuka. "Kinapanda," nikasema.

"Rangi?"

"Bado ya bluu."

"Endelea. Kinapanda sawasawa pande zote?"

"Kinapanda."

"Ingekuwa kinapanda, rangi ingekuwa imebadilika." Kisha akasema kwa sauti ambayo wote tuliisikia: "Nazira, niruhusu nigeuke."

Rachida alikuwa bado wazi kitandani, kondo la nyuma halijatoka. Bi Alima alikuwa amemshika mabega. Alinitazama tu, na mimi nikamwelewa vizuri sana.

Nikasema, "Hapana haja, daktari. Naona vizuri."

Nimejiuliza tangu jioni kwa nini nilisema vile. Nilimwogopa mama mkwe wangu, hilo la kwanza. Niliogopa kwamba daktari akigeuka leo, kesho hakuna mwanamke atakayekuja, watarudi kuzalia kwenye mikeka yao. Na jambo la tatu linanichoma zaidi: nilikuwa macho yake, na sikutaka aone kwamba macho hayatoshi.

Niliendelea kubinya mpaka yeye mwenyewe akaniambia niache. Hakugeuka hata wakati huo. Mgongo wake ulikuwa umeinama. "Umefanya yote," akasema.

Rachida hakupiga kelele. Aliuliza tu kama mtoto alikuwa na nywele. Nikamwambia anazo, nyingi.

Februari 10

Wamemzika mtoto asubuhi, katikati ya manyunyu.

Februari 13

Bi Alima ananipikia uji wa mtama na kunikanda miguu kwa maji ya chumvi. Hatumtaji Rachida. Leo akasema, "Kazi ya Mungu haina makosa." Nikamjibu, "Ya Mungu haina, mama. Yetu je?" Aliendelea kukanda, lakini mikono ilipungua nguvu.

Februari 21

Msafara wa jeshi ulifika kijiji cha Mute jana, wakatuma habari kwamba leo wanarudi Palma na wanaweza kunichukua. Nilifunga begi. Walipofika ng'ambo ya daraja lililobebwa na maji, wakageuza, wakaenda zao. Nilisimama huku kwenye matope nikiwapungia khanga. Dereva mmoja alinipungia pia, akidhani naaga.

Februari 22

Begi nimeliacha lilivyo. Sina moyo wa kulifungua.

Machi 2

Presha imepanda tena. Yassine amenipa vidonge vilivyokuwemo kwenye stoo na ananipigia kila asubuhi. Anauliza kichwa kinauma, naona nyota, mtoto anacheza. Tunaongea uso kwa uso kwa sababu nimevaa nguo zangu zote, na kila mara nashangaa kwamba ana miwani. Kazini namjua kwa kisogo.

Leo aliniuliza nani atakuwa macho yake siku yangu ikifika. Nikasema Mungu atanipa njia kabla ya siku hiyo. "Mganga hajigangi, Nazira," akasema. Nikamjibu kwamba hilo hata mama yake na mama yangu wanalijua, aniambie jipya. Tukacheka, na nilipomaliza kucheka nilikuwa na hofu kuliko mwanzo.

Machi 9

Nimegombana na Bi Alima. Mwishowe.

Nilimwambia ile sheria yake ya kumgeuza daktari iishe, aachwe atazame. Tulikuwa tunatwanga, na hakuuacha mchi.

"Mkamwana, mimi wasichana hawa niliwaambia nini unyagoni? Kwamba aibu yao iko mikononi mwangu. Sasa niwauze kwenye kioo?"

"Mtoto wa Rachida je?"

"Huyo aliitwa na Mungu mwenyewe."

"Aliitwa kwa sababu mimi sikuona!"

"Ulisema unaona."

Nilisema. Niliacha mchi, nikaenda kulala mchana kweupe. Namchukia, na uji wake ndio ninaokula. Nikitaka kumkimbia nitapita mlango upi? Mto huku, bahari huku, porini watu wenye bunduki.

Machi 11

Mvua. Kichwa kinauma.

Machi 19

Nimeweza kukaa. Naandika yote kwa mpangilio.

Tarehe kumi na tano asubuhi niliamka naona vimulimuli, na chupa ya uzazi ikanipasukia mlangoni pa kituo. Mapema mno. Niliandaa meza ya mtoto mwenyewe, kama ninavyoiandaa siku zote: ambu hapa, nguo kavu pale, taulo lililokunjwa mahali pa kichwa. Rosita alibonyeza tableti. Yassine akaona uso wangu, akamwelekeza Rosita sindano ya kuzuia kifafa cha mimba, hatua kwa hatua, na Rosita wa watu, ambaye kazi yake ni kudeki, akanichoma huku anaomba kwa Bikira Maria. Kisha daktari akageuza kiti. Hakuna aliyemwambia. Ni mazoea.

Kwetu mkwe hamzalishi mkamwana. Ni adabu, hamwoni uchi. Lakini mama yangu yuko Mtwara, na mwanamke mwingine wa kunipokea mtoto hakuna. Bi Alima aliingia ameinamisha macho, akajifunga kibwebwe. Uchungu sitauandika. Waliozaa wanaujua.

"Nazira," Yassine akaita, "unaona nini?"

"Naona dari," nikasema. Nilikuwa nataka kucheka na kufa kwa pamoja.

"Mama Alima, niambie wewe. Unaona nini?"

Nilimsikia anahema. Miaka yote hiyo ya kuwapokea watoto wa watu, hajawahi kumwambia mwanamume alichokiona kwa mwanamke. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha hasemi. Si ukaidi. Maneno yenyewe hakuwa nayo.

Mtoto akatoka. Nilimhisi akitoka, kisha nikasubiri sauti.

"Analia?" akauliza Yassine.

"Halii," akasema Bi Alima.

"Rangi yake?"

Kimya.

"Mama, analegea au anajikunja?"

Nilijaribu kuinuka, Rosita akanilaza. Nikapiga kelele, "Geuka! Yassine, geuka!"

Hakugeuka. Nilikiona kisogo chake kikitikisika. "Mama Alima," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto anayeomba, "unaniruhusu?"

Nilimtazama mama mkwe wangu. Alikuwa amemshika mwanangu kwa mikono miwili, mdogo, wa bluu. Akampa Rosita. Akavua khanga ya kichwani mwake, nywele zake nyeupe zikabaki wazi, akanifunika kuanzia kiunoni hadi miguuni, akachomeka pembe chini yangu vizuri kama anayetandika kitanda cha mgeni. Hakufanya haraka. Nilitaka kumuua.

"Geuka, mwanangu," akasema. "Tazama."

Kiti kikazunguka. Rosita akamlaza mtoto, akaielekeza tableti mezani. Bi Alima akaanza kubinya ambu kama alivyoniona nikifanya.

Yassine hakuchukua muda. "Mama, simama. Linalopanda hapo ni tumbo, si kifua. Hewa inakwenda tumboni. Taulo hilo chini ya kichwa ni nene, limemkunja shingo. Litoe. Weka kitambaa chembamba chini ya mabega, pua iangalie juu. Sasa binya."

Nilikuwa natazama dari. Nikasikia, "Hicho sasa ndicho kifua. Unaona tofauti? Endelea, mama, força, kaza, endelea." Na baada ya muda ambao siwezi kuupima, sauti ndogo ya hasira ya mtu aliyesumbuliwa usingizini.

Bi Alima akakaa sakafuni. Rosita alikuwa analia kwa Kimakonde. Na mimi, Mungu anisamehe, furaha ilinijia na kitu kingine mgongoni mwake. Tumbo, si kifua. Taulo lilikuwa langu. Nimelikunja hivyo siku zote, wengi hulia wenyewe na halina madhara.

"Daktari," nikasema. "Rachida."

Alivua miwani, akaifuta muda mrefu. "Pumzika, Nazira," akasema. Hakusema hapana.

Machi 26

Mtoto ananyonya. Jina atampa baba yake, ambaye bado yuko ng'ambo na analia kwenye simu.

Leo amekuja mama mwenye uchungu, nikajikokota hadi chumbani. Rosita alipobonyeza tableti, Bi Alima akasema, "Baba, tumefika," na kiti kikageuka. Nikamvuta mama mkwe kando.

"Bado?"

"Aibu ya nyumba yangu niliitoa mimi. Ya hawa si yangu."

"Basi nitawauliza wenyewe."

Akanipisha. Nikamuuliza yule mama, nikamweleza vizuri, bila kuficha. Alimtazama Bi Alima, akatazama pembeni, akasema, "Atupe mgongo vilevile tu, dada. Sitaki kusemwa." Alizaa salama, alhamdulillahi. Taulo sasa ni jembamba, lakini sijui ni kipi kingine nisichokiona.

Machi 30

Mvua inapungua. Wanasema mafundi wa daraja wamefika Palma.

Aprili 4

Rachida amekuja kunipa hongera.

Alileta kuku na vitumbua, amevaa khanga mpya. Bi Alima alimwona mlangoni, akaenda kisimani ingawa mitungi ilikuwa imejaa. Rachida akakaa mkekani, akanyoosha mikono, nikampa mtoto. Alimfunua kichwa, akazichezea nywele.

"Nasikia kwako daktari aligeuka," akasema.

"Aligeuka."

"Akaona nini?"

Ningeweza kumwambia ni mambo ya kitaalamu. Ningeweza kumwambia kazi ya Mungu haina makosa. Nilimwambia. Tumbo na kifua, shingo na taulo. Nilimwambia mpaka mwisho.

Hakulia. Alikuwa anamtazama mtoto, si mimi.

"Kwangu aliomba ruhusa," akasema. "Nilimsikia. Nilikuwa na nguvu ya kusema ndiyo. Nikasubiri wewe useme."

Mtoto alianza kutafuta ziwa, akigeuza kichwa kifuani mwake, kisha akalia. Maziwa yalinitoka yakalowesha nguo. Rachida akamfunika vizuri, akamweka begani, akaanza kumbembeleza polepole, kama vile wana siku nzima mbele yao. Nilikaa mikono mapajani, nikisikia mwanangu analia, na sikuthubutu kumwomba anirudishie.